Vali ya chini ya kisima haitii amri: soma kinachorudi kabla ya kuita rigi

Vali inayoendeshwa kutoka juu huwekwa chini ya kisima cha mafuta ili tabaka lililoanza kutoa maji au gesi lifungwe bila kushusha waya, bila tubingi ya kukunja (bomba refu linalokunjuliwa hadi kisimani) na bila rigi (mtambo wa kuchimbia). Teknolojia hii imekuwepo visimani tangu mwaka 1997, ilipofungwa kwenye uwanja wa Snorre katika Bahari ya Kaskazini. Siku vali inapogoma, watu hukimbilia mambo mawili: kuongeza presha, au kuandika kwenye faili kwamba "imekwama". Yote mawili huja mapema mno. Presha ikizidi hupasua mrija ambao ulikuwa mzima, na neno "imekwama" likishaandikwa hukaa miaka bila mtu kulihoji, huku kisima kikimeza maji.

Mwongozo huu unahusu zaidi vali za silivu (bomba fupi linaloteleza kufungua au kufunga mlango) zinazosukumwa kwa haidroliki. Mrija mmoja husukuma pistoni kufungua, mwingine husukuma kufunga, na silivu hubaki pale ilipoachwa. Usiichanganye na vali ya usalama ya chini ya ardhi, ambayo ina mrija mmoja na springi, na hujifunga yenyewe presha ikipotea. Vali ya silivu hudhibiti matabaka. Usiihesabu kuwa kizuizi cha usalama cha kisima.

Kabla ya kugusa pampu, sikiliza onyo moja. Kiowevu cha presha ya megapaskali (MPa) 35 kikivuja kwenye tundu dogo hupenya ngozi kama sindano. Usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha katoni. Jeraha la namna hiyo hupelekwa hospitali mara moja hata kama linaonekana kama kijitone tu.

Hesabu za kuwa nazo mkononi

Bila tarakimu hizi hakuna utatuzi, kuna kubahatisha tu. Tutumie kisima kimoja cha mfano hadi mwisho. Wewe weka tarakimu za kisima chako.

Mrija wa kawaida wa udhibiti una kipenyo cha nje cha inchi 1/4 na unene wa ukuta wa inchi 0.049. Tundu lake basi ni milimita 3.86, na kila mita moja hubeba mililita 11.7. Mrija wa mita 3,000 unabeba lita 35. Kiowevu cha haidroliki cha asili ya mafuta kina moduli ya mgandamizo ya takribani MPa 1,500, kwa hiyo kupandisha lita hizo 35 hadi MPa 35 (psi 5,000 hivi) kunahitaji kuongeza lita 0.8, hata kama hakuna kitu kilichosogea chini. Kiowevu cha asili ya maji ni kigumu zaidi kubanika; hapo lita 0.55 hivi zinatosha. Kutanuka kwa mrija wenyewe ni kudogo, mililita 30 hivi.

Pistoni ya vali yetu ya mfano ina eneo la sentimita za mraba 10 na husafiri sentimita 30. Ikienda mwendo mzima inasukuma nje lita 0.3.

Tazama tarakimu hizo mbili kwa pamoja. Kiowevu kinachobanika mrijani, lita 0.8, ni zaidi ya maradufu ya kile kinachosogeza vali. Anayepima kilichoingia peke yake hawezi kujua kama vali imesogea. Kinachosema kweli ni kinachorudi kwenye mrija wa pili. Weka chombo chenye alama za mililita kwenye marejeo, si tangi kubwa lenye kioo cha kukisia, na uandike presha, kilichoingia na kilichorudi kila dakika. Linganisha na mchoro uliochorwa siku kisima kilipokamilishwa. Kama haupo, chora leo kwa vali iliyo nzima kwenye kisima hicho hicho. Vali pacha kwa kawaida zinafanana vya kutosha.

Presha inapanda, lakini hakuna kinachorudi

Swali la kwanza: je, vali tayari iko mwisho wa mwendo upande huo? Vali iliyofunguka kabisa haiwezi kufunguka tena, na kutorudi kwa kiowevu hapo ni jambo sahihi. Isukume upande wa pili kabla hujasema lolote.

Swali la pili: ni kiasi gani kiliingia hadi kufikia presha kamili?

Kama ni mililita chache tu, kizuizi kiko juu. Vali ya sindano kwenye kichwa cha kisima imefungwa, chujio limeziba, au solenoidi (vali ndogo ya umeme) haijafunguka ingawa taa ya paneli inawaka. Fungua kiungo kilicho kabla ya kichwa cha kisima (presha ikiwa sifuri) na uhakikishe kiowevu kinafika hapo.

Kama iliingia sehemu tu ya ile lita 0.8, mrija umeziba katikati, na hesabu ya uwiano inakuonyesha wapi. Lita 0.4 maana yake ni nusu ya urefu, karibu mita 1,500. Linganisha kina hicho na orodha ya vifaa vya kisima: kuna kiungo cha mrija hapo? Kuna pakeri (kizibo kati ya tubingi, yaani bomba la uzalishaji, na kesingi, bomba la nje la kisima) ambayo mrija unapita ndani yake? Mrija hubanwa au kupondwa zaidi mahali pa namna hiyo kuliko katikati ya tubingi tupu. Angalizo: hewa ndani ya mrija huharibu hesabu hii kabisa. Pandisha presha mara tatu mfululizo. Kama kiasi kinachoingia kinapungua kila mara, ulikuwa unabana hewa. Endelea hadi kipimo kitulie.

Kama iliingia lita 0.8 kamili na hakuna kilichorudi, mrija ni mzima hadi kwenye vali. Sasa tatizo ni pistoni, au mrija wa marejeo. Geji ya upande wa marejeo ndiyo itakayoamua, na hapa kuna kosa linalojirudia sana: vali ya marejeo imeachwa imefungwa juu.

Kosa hilo lina sura mbili, kutegemea urefu wa mrija. Kwenye kisima kifupi cha mita 300 marejeo yana lita 3.5 tu, kiowevu hicho kilichofungiwa kinabanika kidogo tu na vali husogea robo hivi ya mwendo, kisha hugoma. Kwenye mrija wa mita 3,000, lita 35 zilizofungiwa zinaweza kumeza lita 0.3 za pistoni kwa kupanda MPa 13 tu. Maana yake vali inasogea mwendo mzima huku marejeo yakiwa yamefungwa! Mzalishaji anaona tabaka limefunguka, anafurahi, anashusha presha ya kusukuma, na ile MPa 13 iliyojificha upande wa pili inairudisha silivu ilikotoka. Malalamiko yanayofika ofisini ni "vali inafunguka kisha inajifunga yenyewe". Tazama geji ya marejeo wakati wa kusukuma. Kama inapanda badala ya kubaki karibu na sifuri, tafuta kilichofungwa juu kabla ya kuwaza lolote la chini.

Vali ya jirani nayo inasogea

Hili ni tatizo la visima vyenye vali kadhaa zinazotumia mrija mmoja wa pamoja wa kufunga. Mpangilio huo huhitaji mrija mmoja zaidi ya idadi ya vali: vali 3, mirija 4. Kila vali ina mrija wake wa kufungua. Wa kufunga ni mmoja kwa zote.

Unataka kufunga vali ya kati pekee. Utaratibu uliozoeleka ni kuweka presha kwenye mrija wa pamoja, kuachia mrija wa kufungua wa vali hiyo ya kati, na kufunga mirija ya kufungua ya zile nyingine ili zisitoke mahali pake. Wazo ni sahihi, ila watu wengi hufunga mirija hiyo ikiwa na presha sifuri. Rudi kwenye hesabu: lita 35 zilizofungiwa kwa sifuri zitampisha pistoni wa jirani mwendo mzima kwa MPa 13, nawe unasukuma kwa 35. Jirani atasogea. Atasogea kimya kimya pia, kwa sababu marejeo yake yamefungwa na hakuna kinachotoka cha kupima.

Tiba ni mpangilio wa hatua:

1. Pandisha kwanza mirija ya kufungua ya vali zisizohusika hadi presha ile ile utakayotumia kufunga, kisha ifunge mirija hiyo hapo. Kama vali hizo zilikuwa zimefungwa na unataka zibaki hivyo, usipandishe mirija yake; iache mirija hiyo wazi, mrija wa pamoja utazibana vali mahali pake.
2. Achia mrija wa vali lengwa kwenye chombo cha kupimia.
3. Pandisha mrija wa pamoja taratibu, ukitazama geji za majirani. Zikitulia, hakuna kilichosogea. Zikipanda pamoja na mrija wa pamoja, jirani anasogea: simama.
4. Kinachorudi kikifika lita 0.3, subiri hadi mtiririko ukome kabisa.
5. Shusha mrija wa pamoja kwanza, majirani baadaye.

Hatua ya 5 ina sababu yake. Ukishusha majirani wakati mrija wa pamoja bado una presha, utakuwa umewafunga kwa mkono wako.

Iwapo umefuata yote hayo na jirani bado anasogea, shuku vali ya sindano inayopitisha, au mirija iliyobadilishana majina. Mirija hubadilishana majina hasa kwenye hanga ya tubingi (kishikio cha tubingi juu ya kisima), ambapo hukatwa na kuunganishwa upya. Jaribio ni rahisi: achia mirija yote, sukuma mmoja kwa MPa 7 hivi, na utazame kihisi cha presha cha tabaka gani kinaitika. Ukigundua majina yamekosewa, badilisha lebo na michoro siku hiyo hiyo, kwa pamoja.

Presha haishiki

Pandisha mrija hadi MPa 35, ufunge, na usianze kuhesabu mara moja. Kiowevu kilichobanwa hupata joto na hupoa, hivyo dakika 15 hadi 30 za kwanza presha hushuka bila uvujaji wowote. Baada ya hapo badilisha kushuka kuwa mililita. Kwenye lita 35, kushuka kwa MPa 1 ni mililita 23. Kwenye mrija wa mita 5 juu ya ardhi, MPa 1 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Ndiyo maana kijasho kidogo kwenye kiungo cha juu hushusha geji haraka sana pale unapopima kipande cha juu peke yake, na huonekana kidogo kinapounganishwa na mrija mzima. Pima vipande viwili tofauti, ukitenganisha kwenye kichwa cha kisima, na usafishe cha juu kwanza.

Kama ni chini, uliza kiowevu kinakwenda wapi. Kikitokea kwenye mrija wa pili, sili (kizuia uvujaji) ya pistoni imeisha: mirija miwili inawasiliana. Presha ya anulasi, yaani nafasi iliyo kati ya tubingi na kesingi, ikipanda kila unapopandisha mrija, uvujaji uko juu ya pakeri. Pasipoonekana chochote upande wowote, huenda unavujia tabakani chini ya pakeri.

Jaribio la pili ni kuachia mrija hadi sifuri na kusubiri. Safu ya kiowevu cha uzito wa kilo 860 kwa mita ya ujazo, kwenye kina cha wima cha mita 3,000, ina MPa 25 chini kabisa. Kama presha ya kisima kwenye eneo la uvujaji ni ndogo kuliko hiyo, mrija unajimwaga wenyewe: juu utakuta unavuta hewa, na kila mara unahitaji kiowevu kingi kuujaza kabla geji haijasogea. Kama presha ya kisima ni kubwa zaidi, kisima ndicho kinachopanda kupitia mrija. Chukua sampuli. Mafuta ghafi, chumvi au mapovu ya gesi yanamaanisha mrija umegeuka njia ya kisima kuja juu, na suala limehama kutoka kwa uzalishaji kwenda kwa usalama: funga kwa vali mbili kwenye kichwa cha kisima, weka geji kati yake, na uripoti kama kasoro ya kizuizi.

Uvujaji usioleta kisima juu si hukumu ya kifo kwa vali. Silivu inahitaji presha dakika chache tu kwa mwezi. Pampu inayotoa nusu lita kwa dakika haisumbuliwi na sili inayopitisha mililita 20 kwa dakika. Sukuma, ongeza uvujaji kwenye hesabu ya marejeo, kisha shusha mrija. Kuna vali zinazoendeshwa hivi kwa muda mrefu, na ni afadhali sana kuliko kutoa tubingi.

Kinyume chake pia huleta hofu: mrija uliofungwa unapanda wenyewe. Kabla ya kusema kisima kinaingia, uliza kama uzalishaji ulianza leo. Kiowevu cha asili ya mafuta kilichofungiwa hupanda takribani MPa 1 kwa kila nyuzi 1 ya joto la wastani. Kisima baridi kikianza kutiririsha, wastani wa mrija unaweza kupanda nyuzi 20 au zaidi. Mirija yote miwili ikipanda pamoja, silivu haina sababu ya kusogea. Mmoja ukiwa umefungwa na mwingine wazi, joto peke yake linaweza kuhamisha vali. Anzisha kisima ukiwa na mirija yote wazi kwenye tangi, au yote imefungwa chini ya vali ya kupunguza presha. Usiichanganye.

Inarudi nusu tu

Umepata lita 0.1 badala ya 0.3. Mrija ni mzima, sili ni nzima, silivu imesafiri sentimita 10 na kugonga kitu. Hapa ndipo "imekwama" inaanza kuwa na maana, na kinachoikwamisha kwa kawaida ni ukoko wa madini, asfalteni au mchanga.

Nguvu uliyonayo inajulikana: MPa 35 kwenye sentimita za mraba 10 ni kilonewton 35, sawa na uzito wa tani tatu na nusu. Hiyo ni nguvu nyingi kwa ukoko mwembamba, ila ni ndogo kwa ukoko wa miaka miwili. Usiende juu ya kiwango kilichoandikwa kwenye cheti cha mrija na cha vali. Badala yake, isugue: funga, fungua, funga, mara 10, ukiandika kinachorudi kila mara. Ikiwa 0.10 inakuwa 0.12, kisha 0.15, endelea. Ikiwa inabaki pale pale baada ya mara 10, pumzika, nenda kwenye kemia.

Kemia huchaguliwa kwa kujua kilichoganda, na maji ya kisima yana jibu. Ukoko wa kalsiamu kaboneti huyeyuka kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 15 yenye kizuia kutu. Ukoko wa bariamu salfeti hauguswi na asidi hiyo. Unahitaji DTPA au EDTA (kemikali zinazonasa madini) ndani ya mchanganyiko wa alkali, na muda mrefu wa kuloweka, saa nyingi, kwenye joto la kisima. Asfalteni hulainika kwa zailini au tolwini. Vyote vinaweza kusukumwa kutoka juu kupitia tubingi bila kushusha chombo chochote, kwa hiyo bado hujaingia kisimani. Kabla ya kusukuma, soma orodha ya mpira wa sili: nitraili huvimba vibaya kwenye zailini, na sili iliyovimba itakuachia tatizo kubwa kuliko ukoko. Mchanga hauyeyuki kwa lolote kati ya hayo. Kinachosaidia ni kuruhusu tabaka litiririshe kwa nguvu kidogo huku ukisugua.

Ukoko huota kwenye chuma kisichosogea. Vali isogezwe mwendo mzima kila mwezi mmoja hadi mitatu, hata kama hakuna haja ya kubadilisha mtiririko. Saa chache za uzalishaji zinazopotea zinajilipa.

Imesogea, ila uzalishaji haubadiliki

Kama lita 0.3 imerudi, amini kwamba silivu imesogea, na tafuta tatizo nje yake.

Huenda kinachobana mtiririko si vali. Vali yenye nafasi kadhaa ikiwa katika nafasi za juu, mlango wake ni mpana kuliko choki ya juu (kibanio cha mtiririko kwenye kichwa cha kisima). Kuifungua zaidi hakubadilishi kitu. Huenda tabaka limekufa, au linameza mafuta ya jirani lenye presha kubwa zaidi. Funga choki ya juu kwa saa kadhaa huku vali zote zikiwa wazi na ulinganishe vihisi vya matabaka.

Kama umefunga na maji yanaendelea, tazama kihisi cha tabaka lililofungwa. Tabaka lililofungwa kweli hupanda presha yake. Lisipopanda, lina njia nyingine: saruji mbovu nyuma ya kesingi, pakeri inayovuja, au sili za silivu zilizoliwa. Hizi za mwisho huliwa pale vali inapofunguliwa ikiwa na tofauti kubwa ya presha pande mbili, kwa sababu mlipuko wa kwanza wa mchanga na maji hupita juu ya sili kabla mlango wenye kabaidi ya tangsteni haujachukua mzigo. Kila vali ina kiwango chake cha tofauti kinachoruhusiwa. Sawazisha kwa kubana choki ya juu kabla ya kufungua.

Baada ya badiliko lolote, toa muda. Kupima kwenye kitenganishi baada ya saa moja kunapima kilichokuwa tayari ndani ya tubingi.

Nafasi imepotea

Vali za hatua husogea nafasi moja kwa kila mzunguko wa presha. Presha ikishushwa kabla mwendo haujakamilika, hesabu ya paneli na nafasi halisi zinaachana. Usijaribu kukisia. Peleka vali hadi mwisho wa kufunga, hakikisha marejeo yamekoma, andika sifuri, kisha hesabu upya ukipima mililita za kila hatua. Hatua iliyorudisha pungufu haikukamilika.

Inachukua muda mrefu mno

Kiowevu kinapita mita 3,000 kwenda na mita 3,000 kurudi ndani ya tundu la milimita 3.86. Kwa mnato wa sentipoizi 10 na MPa 20 za kusukuma baada ya msuguano wa vali, mtiririko ni takribani mililita 110 kwa dakika, kwa hiyo lita 0.3 ni dakika tatu, ukiacha muda wa kubana mrija wenyewe. Mnato ukipanda hadi 40, ni dakika kumi na moja. Sehemu ya mrija inayopita kwenye maji baridi ya sakafu ya bahari inaweza kuleta badiliko hilo pekee yake. Anayekata presha baada ya dakika tano kwa mazoea ataripoti vali iliyokwama nusu njia.

Kama muda umeongezeka polepole kwa miezi, pima usafi wa kiowevu. Kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni daraja la 6 la NAS 1638 au safi zaidi. Angalia pia yuniti ya nguvu: pampu inayowaka na kuzima mara kwa mara huenda ina akumuleta (chombo cha kuhifadhi presha) iliyopoteza chaji yake ya naitrojeni. Ijaze kwa naitrojeni pekee, kwa presha iliyo kwenye kibao chake. Hewa au oksijeni pamoja na mafuta ni mlipuko.

Vali za umeme na vihisi

Kebo moja ndani ya mrija wa chuma hubeba umeme na mawasiliano. Mkondo sifuri ni kebo iliyokatika. Mkondo unaogonga kikomo ni mguso na chuma, mara nyingi maji yaliyoingia kwenye kiungo. Usitumie kipima insulesheni cha volti za juu huku vifaa vya chini vikiwa vimeunganishwa, isipokuwa kama mtengenezaji ameruhusu. Utaua elektroniki uliyokuja kuiokoa. Tumia kipima mwangwi wa kebo. Kama mawimbi husafiri kwa asilimia 66 ya kasi ya mwanga, yaani mita 198 kwa mikrosekunde, mwangwi wa mikrosekunde 20, kwenda na kurudi, unaweka kasoro kwenye mita 1,980. Linganisha tena na orodha ya viungo.

Mota inayochota mkondo mkubwa bila kihisi cha nafasi kubadilika inasukuma ukoko: nenda kwenye kusugua na kemia. Mota inayozunguka kwa mkondo mdogo kuliko kawaida imeachana na skrubu yake, na hakuna amri ya juu itakayoiunganisha.

Pale ambapo ni lazima kuingia

Ingia kama mrija umeziba au umekatika na umethibitisha kina chake, kama kusugua na kemia vimeshindwa, au kama silivu haizibi tena. Anza na waya au tubingi ya kukunja yenye chombo cha kusogeza silivu, iwapo vali yako ina mfereji wa kushikia. Achia mirija yote miwili juu kabla ya kuvuta. Ukiiacha imefungwa, chombo kitashindana na kiowevu badala ya ukoko, na pini zake za kukatika zitakatika bure. Mrija ulioziba haukuachii nafasi hiyo, kwa hiyo vuta polepole na utarajie upinzani. Silivu isiyoziba inaweza kufunikwa kwa silivu ya ndani yenye sili pande zote mbili, kwa gharama ya upana wa tubingi kwa kila kitakachoshuka baadaye.

Chombo kikishatoka, na kama mirija bado ni mizima, endesha vali kwa haidroliki mara mbili kwenda na kurudi huku chombo cha kupimia kikiwa kwenye marejeo. Ikirudisha lita 0.3 kila upande, futa neno "imekwama" kwenye faili la kisima na uandike tarehe ya kuisogeza tena, isizidi mwezi mmoja.